Nyaya za Chumba cha Mama Mkwe

Asifiwe Mungu aliyeipanga mifupa yangu tumboni mwa mama yangu, akijua tangu siku hiyo ni upi utakaovunjika. Asifiwe kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa uji ulionifikia kitandani ukiwa bado moto, na kwa ukuta huu ninaoutazama, maana hata ukuta ni neema kwa mtu asiyeweza kusimama bila kushika kitu. Nimemshukuru kwanza. Sasa naweza kusimulia.

Nilianguka nyumbani kwangu, karibu na Sindo. Mvua ilikuja ghafla nami nikatoka mbio kuanua omena, dagaa wa ziwa letu, niliyokuwa nimeianika juu ya turubai. Mtu wa umri wangu hapaswi kutoka mbio, lakini mikono yangu imeanika na kuanua tangu ujana na haikuuliza umri. Turubai lilikuwa limelowa. Niliteleza, na mfupa wa paja ukalia kama kuni kavu inapovunjwa gotini.

Katika hospitali ya Homa Bay walinitia chuma ndani ya mguu. Kisha daktari akasema nisirudi Sindo, kwa sababu nilikuwa bado naihitaji kliniki na barabara ingeutikisa mfupa. Wanangu wa kiume wako mbali. Mtoto aliyekuwa karibu ni binti yangu, ambaye ameolewa na kukaa hapa mjini, upande wa mlimani. Basi nikaletwa kwake. Watu wa kanisani kwetu walishangilia: “Mama amepata mahali pazuri!” Hawakufikiria kwamba nyumba ya binti yangu ni nyumba ya mume wake.

Sisi Wajaluo mama mkwe tunamwita maro, na neno hilo lina uzito. Mkwe wa kiume hampi maro mkono. Hamwangalii akila. Maro halali katika nyumba ya mkwe wake, na zaidi ya yote, mkwe hatazami kitanda anacholalia maro. Mkwe wangu si Mjaluo. Ni Mkuria, ametoka upande wa Migori karibu na mpaka, na nilipokuwa nikimpeleka binti yangu altareni nilidhani mambo haya yangekuwa mepesi kwake. Kumbe watu wake wanayashika kuliko sisi. Siku moja kabla ya harusi tulikutana njiani, na yule kijana akatoka barabarani kabisa, akasimama kwenye majani marefu akiwa ameinamisha kichwa mpaka nikapita.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Najua kwamba sheria ya Mungu haina mstari unaokataza mama mgonjwa kulala kwa binti yake. Mchungaji aliniambia ugonjwa hufungua milango iliyofungwa na desturi, nami nikaitika amina. Nikaitika kwa mdomo. Lakini mwili una katekisimu yake, umefundishwa mapema zaidi, na hausahau.

Nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala na sebule. Chumba cha pili kilikuwa cha kazi ya binti yangu, na humo ndimo walimoniwekea kitanda. Kina dirisha moja lenye vyuma, linaloangalia ukuta wa jirani. Ziwa nalisikia wakati upepo unapovuma, lakini silioni. Mlango wangu unafungukia korido fupi inayotokea sebuleni, na mlangoni kuna pazia la kijani.

Tangu nilipoingia, mkwe wangu aliacha kukaa katika sebule yake mwenyewe. Anatengeneza majokofu ya kuhifadhia samaki kule ufuoni, na akirudi jioni alikuwa anapitia mlango wa nyuma na kula jikoni amesimama. Kabla ya kupita koridoni alikohoa, ili nijue anapita. Asubuhi alinisalimia akiwa nyuma ya pazia.

“Mama, umeamkaje?”

“Vizuri, mwanangu. Unaenda kazini?”

“Naenda, Mama.”

Halafu nyayo zake zinaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Nilikuwa nimefungwa ndani, naye alikuwa amefungwa nje, na kila mmoja alimlindia mwenzake kifungo chake kwa heshima.

Binti yangu naye alifanya kazi akiwa amenipa mgongo. Kazi yake ni kuzungumza na watu wa ng'ambo kupitia kompyuta. Mtu amenunua kitu huko kwao, kimefika kimevunjika au hakikufika, anapiga simu kulalamika, na anayeipokea yuko Homa Bay, amevaa hedifoni na leso kiunoni. Anaongea Kiingereza kwa sauti ambayo sikumzaa nayo, sauti laini inayotabasamu. Wakati wa zamu yake sikuruhusiwa kukohoa. Sikuimba tenzi. Sala nilizisema kwa midomo tu, kama mama yake nabii Samweli, tofauti ikiwa kwamba mimi hakuna aliyenidhania mlevi. Nikihitaji kwenda msalani niliinua mkono na kungoja mpaka mzungu wake amalize kulalamika. Wengine wana malalamiko marefu.

Sasa niseme habari za nyaya.

Nyuma ya kitanda changu, chini sakafuni, kulikuwa na fujo ambayo sijaiona hata kwenye nyavu zilizotupwa. Kulikuwa na kisanduku cheupe cha kampuni ya intaneti, ambamo waya mwembamba kutoka nje unaingia. Kulikuwa na sanduku lingine jeusi lenye masikio marefu, wanaloliita ruta, ambalo kazi yake ni kugawa mtandao humo nyumbani. Kulikuwa na betri ya kusaidia stima inapopotea, na soketi ndefu ya kuchomekea plagi nyingi. Kati ya vitu hivyo nyaya zilipita juu ya zingine na chini ya zingine, zikaenda chini ya meza ya binti yangu, nyingine ukutani kwenye tundu la kuelekea televisheni sebuleni. Vumbi lilikuwa limezikumbatia. Kampuni huleta waya wake mpaka kwenye kisanduku tu, yaliyobaki ni yako. Na mwenye kujua kuzipanga alikuwa mkwe wangu, ambaye hakuweza kuingia.

Daktari alikuwa amenipa chuma cha kutembelea, kile chenye miguu minne. Asubuhi moja nilijiinua pole pole ili nisimsumbue binti yangu, nikasogeza chuma changu hatua moja, na mguu wake mmoja ukanasa katika waya. Sikuhisi. Nilisogeza tena. Sauti laini ya binti yangu ikakatika katikati ya neno.

“Hello? Sir? Hello?”

Kisha akageuka, na ile sauti niliyomzaa nayo ikarudi.

“Mama! Umetembea wapi?”

Haikuwa mara ya kwanza. Mara nyingine ilikuwa ufagio, na nyingine ilikuwa yeye mwenyewe na kiti chake. Lakini mara hii msimamizi wake alimwita na kuzungumza naye muda mrefu, nami nikaona shingo ya mwanangu ikizidi kuinama. Alipovua hedifoni hakulia. Alikaa kitandani karibu na mguu wangu mzima.

“Wamenipa nafasi moja, Mama. Jumatatu watanisikiliza zamu nzima. Ikikatika tena, wananiondoa.”

“Na wakikuondoa?”

“Kuna kazi ya ofisini Nairobi. Wananingoja niseme ndiyo.”

Sote wawili tuliona kilichokuwa mbele. Yeye ndiye aliyeniosha, akanivika, akaniinua na kunigeuza. Akienda Nairobi, mimi ningebaki katika chumba hiki, na katika nyumba hii angebaki mtu mmoja tu, mtu asiyeweza kulivuka pazia. Ningekufa kwa kiu, naye yuko koridoni na glasi ya maji mkononi. Nasema hivi bila kutia chumvi.

Jioni ile alimweleza mume wake kule jikoni. Nikasikia sauti ya mwanamume.

“Zipande ukutani. Zote. Kisiwe na kitu sakafuni.”

“Nani atazipandisha? Wewe?”

Sahani ikawekwa chini.

“Wewe,” akasema. “Mimi nitakuelekeza.”

Jumamosi asubuhi alikaa nje nyuma ya nyumba akipima ubao. Aliupaka rangi nyeupe, akautoboa matundu, akatia kulabu ndogo za kushikia nyaya. Alimwambia mke wake amtolee ruta na nyaya zile za ndani, akazipangusa vumbi, na kila waya akauzungushia mwishoni utepe mweupe na kuuandika kwa herufi kubwa: KAMPUNI, KOMPYUTA, TIVI. Mwandiko wake ni mzuri, umesimama wima kama watu walio kwenye mstari. Kisha ubao ukaletwa ndani na binti yangu, pamoja na ruta, nyaya na drili.

Mkwe wangu akasimama koridoni, amelipa pazia mgongo.

“Mama yuko wapi?”

“Yuko kitandani. Ulidhani ameenda dansi?”

“Mwambie ajifunike, vumbi litamwingia.”

“Anakusikia, si kiziwi. Mama, jifunike.”

Nikajifunika shuka mpaka puani.

“Shika drili kwa mikono miwili,” akasema.

“Nimeshika.”

“Usiibembeleze. Isukume.”

“Wewe ungekuwa hapa ungeona kama naibembeleza!”

“Kama ningekuwa hapo ingekuwa imeisha.”

“Basi ingia tuone!”

Alicheka kidogo kwa pua, lakini hakuingia. Ukuta ukalia, vumbi la saruji likaniangukia shukani kama unga, na ubao ukakaa mahali pake, kimo ambacho mtu aliyeketi kitandani angeweza kukifikia. Hapo nilielewa kwamba alikipima kimo kile kwa ajili yangu. Alikuwa amemuuliza mke wake mkono wangu unafika wapi.

Kabla hawajaendelea simu yake ikalia. Jokofu moja kubwa la ufuoni lilikuwa limezima, na samaki hawamngojei mtu. Nikamsikia akivaa viatu haraka.

“Waya zinabaki,” binti yangu akamwambia. “Na mimi naenda soko.”

“Mama ana mikono,” akajibu. “Kila kitu kimeandikwa. Atasoma.”

Sijui kama kijana yule alijua alichonipa. Kwa wiki nyingi nilikuwa kitu cha kuoshwa na kugeuzwa. Sasa mtu alikuwa amesema kwamba nina mikono, na kwamba najua kusoma.

Walipoondoka niliketi ukingoni mwa kitanda, nikavaa miwani, nikaanza. Nilikuwa nikitunza altare ya kanisa letu, vitambaa na mishumaa na maua, na ninaamini kwamba Mungu hupenda kitu kikae mahali pake. Niliupitisha kila waya kwenye kulabu zake, nikaukunja uliokuwa mrefu kama mtu anavyokunja uzi kidoleni, nikaufunga kwa vifungo vya plastiki. Ule wa televisheni ulishuka kulia. Ule wa kompyuta ulikwenda kushoto, ukateremka nyuma ya meza. Nilifanya polepole kwa sababu mguu uliniuma, na kwa sababu sikutaka iishe.

Mwisho zilibaki ncha za kuchomeka. Nyuma ya ruta kulikuwa na matundu manne ya njano yaliyofanana, na moja la buluu lililokaa peke yake. Nikainama na miwani yangu kulisoma. Juu yake kulikuwa na herufi tatu kubwa, nyeupe, zimesimama wima: WAN.

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikasoma tena. Wan. Kwa lugha yetu neno hilo maana yake ni “sisi”.

Niliketi na kitu kile mapajani kwa muda. Mkwe wangu hajui Kijaluo. Anajua salamu, na maneno mawili matatu ambayo vijana wa ufuoni humfundisha ili wamcheke. Lakini kila kitu kilikuwa kimeandikwa, alisema mwenyewe, na ruta ilikuwa imekaa mikononi mwake asubuhi nzima. Nikawaza: huyu mtoto amemuuliza mtu. Ametafuta neno la lugha yangu, akaliandika mahali ambapo mimi peke yangu nitalisoma, kwa sababu hawezi kuja kuniambia uso kwa uso. Macho yalinilowa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, maana siku hiyo hakukuwa na mzungu wa kunisikia.

Basi nikaona wazi la kufanya. Waya wa kompyuta ni wa binti yangu, naye ni wetu. Nikauchomeka kwenye “sisi”. Ule ulioandikwa KAMPUNI ni wa watu wa nje. Nikauweka kwenye tundu la njano pamoja na ule wa tivi.

Stima ilipotea alasiri hiyo hiyo, na haikurudi mpaka Jumapili usiku tukiwa tumelala. Betri tuliizima tuitunzie Jumatatu, hivyo hakuna aliyejaribu chochote. Binti yangu alipoona ule ukuta alipiga makofi. Alipiga picha, akampelekea mume wake huko jikoni, nami nikamsikia akisema, “Kazi safi.” Jumapili yote nililala nikiutazama ubao wangu. Nyaya zilikuwa zimenyooka, sakafu ilikuwa tupu, na katikati kulikuwa na neno moja ambalo sikumwambia mtu, kwa sababu nilidhani ni siri yangu na yake.

Jumatatu binti yangu aliamka mapema, akaoga, akavaa blauzi ya kanisani ingawa hakuna ambaye angemwona. Aliketi, akawasha. Nilikuwa nimekwisha kufunga mdomo wangu kwa ajili ya siku nzima.

“Mama,” akasema. “Hakuna mtandao.”

Kwenye ruta taa moja ilikuwa nyekundu. Alizima, akawasha. Nyekundu. Alijaribu simu yake, lakini kazi yao haikubali mtandao wa simu. Akakimbia mlangoni na kuita jina la mume wake kwa sauti ambayo jirani lazima aliisikia. Pikipiki yake ilikuwa imekwisha kunguruma getini. Ikanyamaza. Nikasikia viatu vikija mbio, vikivuka sebule, vikiingia koridoni, na hapo kwenye pazia vikasimama kana kwamba vimegonga jiwe.

“Ni nini?”

“Nyekundu! Taa ni nyekundu! Ingia uone!”

“Mama amevaa?”

“Wataanza kunisikiliza sasa hivi! Ingia!”

Nilikuwa nimevaa kanga ya kulalia, kichwa wazi, mguu wangu umenyooshwa juu ya mto na kovu lake likionekana. Kitanda hakijatandikwa. Chini ya pazia niliona ncha za viatu vyake. Kimoja kilisogea, kikavuka mstari wa mlango, kikakaa hapo ndani ya chumba changu kama mnyama mdogo aliyeingia kwa bahati mbaya. Kikarudi.

“Ingia, mwanangu,” nikasema. “Mungu anatuona. Hatatuhesabia.”

“Mama, nisamehe,” akasema. “Siwezi.”

Binti yangu alishika kichwa. “Nyinyi wawili mtaniua! Wewe na yeye, mtaniua na heshima yenu!”

Nilimwonea huruma kila mmoja wetu. Binti yangu alikuwa amenaswa kati ya watu wawili wanaompenda. Na yule kijana, niligundua wakati ule, alikuwa amefungwa kuliko mimi. Mimi nilizuiwa na mfupa, na mfupa hupona.

“Basi nisomee, Mama,” akasema kutoka nje. Aliongea polepole, lakini nilisikia anavyopumua. “Nisomee kila waya umeingia wapi.”

Nikavaa miwani. “Tivi imeingia njano.”

“Sawa.”

“Kampuni imeingia njano.”

“Hapana. Kampuni iko njano? Na ile ya buluu iko nini?”

“Kompyuta. Kompyuta iko kwa wan.”

“Kwa nini umeweka hapo?”

“Si wewe uliandika?”

“Mimi?”

“Uliandika wan. Sisi.”

Binti yangu aligeuka akanitazama, mdomo wazi, na nikaona jambo likimfikia usoni kutoka mbali. Akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, kicheko cha mtu anayezama.

“Mama, hiyo si lugha yetu! Hiyo imetoka kiwandani! Ni herufi za Kizungu!”

“Inasema nini?” mume wake akauliza kutoka koridoni. “Sisi nini?”

“Wan ni ‘sisi’! Kwa Kijaluo! Alidhani ni wewe umemwandikia!”

Nilitaka ardhi inifunike, na mguu wangu haukuniruhusu hata kugeukia ukutani. Kisha sauti ya mkwe wangu ikaja kutoka nyuma ya pazia, na haikuwa ikinicheka.

“Mama. Hiyo buluu ni mlango wa kutoka nje. Waya wa kampuni uingie hapo. Ule wa kompyuta uje njano. Badilisha tu, utaona.”

Nikainama. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Nilitoa ule wa binti yangu kutoka kwa “sisi”, na nakiri iliniuma kuutoa, nikautia kwenye njano kati ya wenzake. Nikauchukua ule wa watu wa nje, nikausukuma kwenye buluu mpaka ukalia ti. Taa ilibaki nyekundu. Nikaomba. Ikazimika kabisa. Nikaendelea kuomba. Ikawaka kijani.

“Kijani,” nikasema.

Binti yangu alikuwa amekwisha kuvaa hedifoni. Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi yake ya kanisani, akavuta pumzi, na ile sauti laini ikatoka: “Good morning, thank you for waiting.” Koridoni viatu viliondoka kwa ncha za vidole.

Siku nzima walimsikiliza, nami nilikaa bila kukohoa. Hakuna kilichokatika. Nilipohitaji kutoka niliinua mkono, akanisaidia, na chuma changu kikapita juu ya sakafu tupu bila kugusa kitu. Mwisho wa zamu msimamizi alisema naye kidogo tu. Mwanangu akavua hedifoni, akaiweka mezani, akaja kulala pembeni yangu kama alivyokuwa akilala alipokuwa mdogo.

“Wameniacha,” akasema. “Naendelea hapa hapa.” Na kabla sijamjibu alikuwa amelala.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipomsikia mkwe wangu akikohoa koridoni.

“Mama.”

“Niko, mwanangu. Amelala. Wamemwacha na kazi yake.”

“Ameniandikia. Mungu asifiwe.” Akasogea karibu na pazia. “Mama, kwa hiyo ulidhani ni mimi niliyeandika?”

“Nilidhani hivyo.”

“Na ulifurahi?”

Ningeweza kusema kitu cha kumfanya ajisikie vizuri. Nikasema ukweli. “Nilifurahi sana. Tangu Jumamosi.”

Nyayo zake zikaondoka koridoni. Kisha nikasikia kitu kikikokotwa sakafuni kutoka jikoni. Kilikuwa kiti. Kikawekwa pale, upande wa pili wa pazia, na mkwe wangu akaketi. Katika wiki zote zile hakuwahi kuketi karibu na mlango wangu. Siku zote alisimama kama mtu anayepita.

“Na ‘nyinyi’ ni nini?” akauliza.

“Un.”

“Na ‘wao’?”

“Gin.”

Akayarudia kwa ulimi wa Kikuria, yakatoka mazito. Nikamcheka, naye akacheka. Binti yangu alipoamka alitukuta hivyo, akatupakulia chakula bila kuuliza neno. Sisi wawili tulikula, kila mmoja upande wake. Hakuniona nikila, wala mimi sikumwona. Nilisikia kijiko chake kikigonga sahani, naye bila shaka alisikia changu.

Ninaandika haya nikiwa bado chumbani humo. Kliniki wanasema mfupa unaunga lakini hauna haraka, na sijui ni lini nitauona tena ua wangu wa Sindo. Dirisha bado linaangalia ukuta wa jirani. Zamu zikianza bado ninafunga mdomo. Pazia halijavukwa, na sidhani litavukwa. Nimeacha kumwomba Mungu kwamba mtu alivuke. Ninaomba tu kwamba jioni kiti kile kikokotwe tena, na kwa rehema zake, jioni nyingi hukokotwa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akukute mahali ulipo, hata kama si mahali ulipopachagua. Akupe mtu wa kuketi upande wa pili wa kinachokuzuia, na ukimya usiokuumiza. Mwili wako upone kwa wakati wake, na moyo wako usingoje mwili. Amina.